Kenji, Nimekuita Jirani

Kenji, we mzee,

Nakuandikia Kiswahili. Ulipokuwa hai ulijua "pole pole" na tusi moja nililokufundisha nikikudanganya kwamba ni salamu. Ila huko uliko nadhani lugha si shida tena. Kama bado hunielewi, cheka tu, ndivyo ulivyozoea.

Tangu uondoke, Tottenham imepooza. Sina wa kunibishia. Nikimwambia mtu kwamba enzi zetu pale godauni la Hayes nilibeba friji mbili, moja kila bega, ananiamini! Sasa raha iko wapi? Wewe ungesema, "Juzi ilikuwa moja."

Na mimi nilikuwa nabisha hadithi zako za kwenu Kumano. Eti maporomoko ya maji yanaabudiwa. Eti wanaume wanakula vyeupe tu, wali na tofu, ile jibini ya soya, halafu wanavaa nyeupe na kuteremka mbio na mienge kutoka kwenye jabali la mungu wenu. Nikakuambia, "Basi mimi mla ugali na tui la nazi ni mtakatifu tangu nizaliwe." Ulicheka mpaka chai ikakutokea puani.

Halafu ile sherehe yenu ndogo ya hapa London, bustanini, mnapobeba kihekalu cha mungu mabegani. Ulipolazwa uliniambia, "Mwaka huu bega langu ni wewe." Nikaapa. Hatukujua kwamba utatangulia.

Kwenye mazishi yako nilijigamba, si unanijua. Nikawaambia watu, "Mimi si rafiki. Mimi ni ndugu yake, damu ndiyo ilikosea njia." Binti yako Yumi akanishika mkono, akaniita anko.

Siku ya sherehe nikafika na lile koti lako fupi la buluu, kifua mbele. Kumbe kwenu aliyefiwa na ndugu habebi! Hakaribii kihekalu mpaka matanga yaishe. Hilo hukuniambia, bwana. Yumi alikuwa amekaa nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja, na kando yake ameweka kiti cha pili. Changu. Bibi msimamizi, aliyenieleza hayo, akaniuliza, "Kenji alikuwa nani wako?"

Watu wananitazama. Basi zima nililokuja nalo nimeshalitangazia kwamba leo nabeba. Na kiapo kile... Nikasema, "Jirani tu."

Yumi alisikia.

Nikabeba. Bega likachubuka, watu wakapiga makofi, na mimi, mwenye mdomo wa kujaza soko, nikashindwa kuitikia kelele zenu za wabebaji. Tulipotua, Yumi akaniletea maji. Akainama kwa heshima, akasema, "Asante, jirani."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Bora angenitukana.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilifanya vile kwa ajili ya kiapo. Kidogo ni kiapo, Kenji. Kingi ni kutaka kuonekana. Nilikukana nipate kupigiwa makofi. Aibu hii, hata mimi sijui pa kuiongezea chumvi.

Kesho napanda basi kwenda kwa Yumi, Ilford. Sitakwenda na hadithi. Nitamwambia nimefiwa na ndugu, naomba anipokee tukae matanga pamoja, kwa desturi yenu, mpaka yaishe. Akinifungia mlango, nitarudi tena. Nakuahidi.

Lala salama, ndugu yangu. Safari hii neno hilo nimelisema hakuna mtu anayenitazama.