Sufuria ya Mtu Mmoja

Jumatatu jioni, Yamumbi.

Mvua imenyesha tangu saa nane, ile nyembamba ya huku kwetu ambayo haina kelele lakini inaingia hadi kwenye mifupa. Miguu yangu bado ina matope ya barabara ya kutoka Eldoret. Sijaosha. Nataka kuandika kwanza kabla hasira haijapoa, kwa sababu nikipoa nitaanza kujiambia kwamba nilikosa adabu.

Sikukosa adabu.

Mwalimu wa ngumbaru alituambia sisi wamama wa darasa la jioni tuandike mistari mitatu kila siku, ili mkono uzoee kalamu. Leo mistari mitatu haitoshi.

Mume wangu Kamau alikufa mwaka jana wakati wa mvua kubwa. Ilikuwa kifua. Tulikuwa tumekaa miaka mingi kule Soy kwa mzungu, yeye akiendesha trekta, mimi nikichuma pareto asubuhi na kukamua jioni. Mzungu alipouza akarudi kwao, tukaingia kwenye kampuni ya watu waliokuwa wakinunua shamba huku Yamumbi. Tuliingia wawili, jasho moja. Lakini kwenye orodha jina liliandikwa la Kamau peke yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu, na wakati huo sikuona ubaya. Mtoto wetu ni mmoja tu, Njeri, ameolewa Turbo. Mtoto wa kiume sina.

Siku ya mazishi vyombo vilikuja kutoka kila nyumba, na watu walipoondoka kila mtu alichukua chake. Isipokuwa Githinji, mdogo wa Kamau. Yeye aliacha jikoni kwangu sufuria kubwa ya aluminiamu, ile ya kupikia watu thelathini.

"Iweke tu, Mama Njeri," aliniambia. "Tutakuwa tukija kula."

Na walikuja. Kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na rafiki zake wawili, mara nyingine na mke wake Nyambura. Wanakula, halafu wanatoka kutembea kwenye shamba na kuonyeshana kwa fimbo. Hapa tutaweka ng'ombe. Hapa kijana wangu atajenga. Mimi niko jikoni nasugua masizi.

Siku zingine za juma nilibaki peke yangu na hiyo sufuria. Vyombo vyangu vidogo viliishia kwenye msiba, kimoja kilitoboka na kingine sijui kilikwenda na nani. Basi nikawa nasonga ugali wa mtu mmoja ndani ya sufuria ya watu thelathini. Maji kidogo yanakauka kabla unga haujaiva, upande mmoja umeungua na mwingine ni mbichi. Na kuiosha ni ndoo nzima.

Nakiri hapa, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Kuna siku nililala njaa kwa kuchoka kuitazama tu.

Mwezi uliopita Githinji akaja na neno jipya. Kamiti ya kampuni ilikuwa imetangaza kwamba Jumatatu ya leo majina ya waliokufa yatabadilishwa kwenye orodha. Akasema jina litakalowekwa ni lake. "Wewe usiwe na wasiwasi," alisema. "Shamba litakuwa chini ya mkono wangu, na wewe pia utakuwa chini ya mkono wangu." Nyambura alikuwa ameketi hapo hapo, akaangalia chini. Mimi na yeye tulielewa maana yake: kunirithi, niwe mke wake wa pili.

Sikumjibu. Niliona haya kwamba sikumjibu. Nilibeba haya hiyo wiki tatu kama mzigo wa kuni.

Alhamisi nikawashika kuku wawili, nikaenda mjini, nikawauza sokoni, nikaingia kwenye duka la vyombo.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta aluminiamu ndogo. Mwenye duka, Mhindi mzee mwenye miwani, akanitolea tatu. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, ubavu ukaingia ndani. Akanitolea ya enameli yenye maua mekundu. Nzuri, lakini najua enameli, ikibanduka mahali padogo kutu inaanza hapo hapo. Ndipo nikaona juu ya rafu, nyuma ya mizani, sufuria ndogo yenye mkono mrefu. Haikung'aa kwa kelele. Ilikuwa na mng'ao wa vijiko vya mke wa mzungu kule Soy, ambavyo niliviosha miaka yote hiyo na sikuwahi kuona hata kimoja kikishika kutu.

"Hii stenlesi, Mama," alisema, akaishusha. "Hii itakuzika wewe. Lakini iko ndogo, ya mtu moja. Nyumbani nyinyi wangapi?"

Nilifungua mdomo niseme tuko wengi. Ulimi umezoea.

"Niko peke yangu," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti tangu Kamau afe. Nilingoja sauti ivunjike, haikuvunjika. Mzee yule hakunipa pole wala hakunitazama kwa huruma. Aligeuza sufuria tu, akagonga chini kwa kucha ili nisikie jinsi ilivyo nene. Nikaipima kwa mkono mmoja. Nzito, lakini uzito wa kukaa vizuri. Mkono wake umefungwa kwa misumari miwili iliyopigwa kotekote, si wa kubandikwa. Kifuniko hakichezi. Nikaomba maji, akanishangaa lakini akanipa, nikamimina kutoka kwa sufuria hadi kikombe. Hayakuteremka pembeni hata tone.

Pesa za kuku wote wawili zilikwenda humo. Nilirudi nyumbani nimeifunga kwa leso, nikitembea kama mtu aliyeiba.

Jioni hiyo niliunguza maziwa ya ng'ombe wangu.

Kwanza haikukaa. Mafiga yalikuwa mbali mbali kwa ajili ya ile kubwa, na hii ndogo ikazama katikati hadi kwenye kuni. Nikachukua jembe, nikang'oa mafiga yote matatu, nikayasogeza karibu. Kisha nikawasha moto niliouzoea, moto wa kupikia wageni, na maziwa yakashika chini kabla sijageuka. Nilisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka kiganja kikauma. Stenlesi haitaki moto wa haraka. Inataka vijiti viwili na mtu asiyeondoka.

Ijumaa asubuhi nikapika uji. Vijiti viwili, mwiko haukusimama. Ulitoka laini, kikombe kimoja na nusu, wa kunitosha mimi bila kubaki na bila kupungua. Nikaosha sufuria kwa kikombe kimoja cha maji. Halafu nikakaa hapo jikoni nikalia kidogo, nisiseme uongo, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyeshiba.

Jumamosi walikuja watano. Githinji, rafiki zake wawili, Nyambura akiwa na kiondo mgongoni, na mbele yao Mzee Karanja, baba mdogo wa Kamau, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Niliona jambo lenyewe kabla hawajaketi. Githinji alitaka nikubali mbele ya Mzee, ili leo waingie kwa kamiti na sauti moja.

Mgeni hukaribishwa chai. Nikaenda kupika chai. Sufuria yangu inatoa vikombe viwili.

Cha kwanza nilimpa Mzee. Cha pili nilimpa Nyambura, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na mzigo. Wanaume watatu wakatazamana. "Mngoje kidogo," nikasema, nikarudi jikoni. Githinji alikuwa amekuja na hotuba, lakini aliyetakiwa kuisikia ni mimi, na mimi niko jikoni nangojea maziwa yapande kwa vijiti viwili.

Mwishowe alinifuata. Akasimama mlangoni, akaangalia chini.

"Umesogeza mafiga ya ndugu yangu."

"Nimesogeza mafiga yangu."

"Na sufuria yangu iko wapi?"

"Iko nje kando ya mlango. Nimeisugua. Utaenda nayo."

Alicheka, kicheko cha mtu anayemcheka mtoto. "Na sisi tukija, utatupikia na nini?"

"Sitawapikia," nikasema.

Nikamimina chai vikombe viwili, nikampita pale mlangoni, nikaenda nikawapa rafiki zake. Yeye alikunywa wa mwisho, baada ya maziwa ya tatu, na wakati huo hotuba ilikuwa imempoa mdomoni. Alisema hata hivyo. Alisema ukoo, alisema damu, alisema mwanamke hana mpaka wa shamba. Alipomaliza, Mzee Karanja akanigeukia mimi.

"Mama Njeri. Shamba likiandikwa jina lako, siku ukifa litaenda wapi?"

"Kwa Njeri."

"Njeri ameolewa."

"Ameolewa, Mzee. Hajakufa."

Mzee akasema, akiongea na kikombe chake, "Mimi nilifika Soy mara mbili. Nilimkuta Kamau juu ya trekta, na mwanamke huyu nikamkuta ndani ya pareto, mgonjwa, mimba yake ya pili imeharibika siku chache tu zilizopita. Alikuwa anachuma." Akaweka kikombe chini. "Sisemi ni mila yetu. Si mila yetu. Lakini Jumatatu mimi sitakwenda. Mkienda, nendeni bila mimi."

Sikujua kwamba aliniona siku hiyo. Sikujua kwamba kuna mtu anaikumbuka hiyo mimba isipokuwa mimi.

Wakati wanajitayarisha kuondoka, Nyambura aliingia jikoni kurudisha vikombe. Alishika ile sufuria kwa mkono wake, akaipima kama nilivyoipima mimi dukani. "Ulinunua wapi?" aliniuliza polepole. Nikamwambia duka. Nje, Githinji alimwonyesha ile sufuria kubwa aibebe. Nyambura akamwambia kiondo kimejaa. Hakikuwa kimejaa. Basi Githinji akaibeba mwenyewe, na njia yote ya kupanda kilima niliisikia ikimgonga goti.

Nilifikiri imeisha. Ilikuwa bado Jumatatu.

Leo niliondoka hapa kukiwa na ukungu, nikafika ofisi ya kampuni mjini kabla mlango haujafunguliwa. Githinji alifika saa tatu na rafiki zake. Jina la Kamau lilipoitwa tulisogea sote. Karani akauliza, "Nani anasimama hapa?"

"Mimi," akasema Githinji.

"Mimi," nikasema.

Karani akapumua. "Mzee wa ukoo yuko?" Hakuwako. Akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema tukae kando mpaka wengine wote waishe, atatuangalia mwisho.

Tulikaa kando. Saa nne, saa tano, saa sita. Watu waliandikwa, wakaondoka wakicheka. Saa saba harufu ya nyama ya kuchoma ikaja kutoka ng'ambo ya barabara, na Githinji akawaambia rafiki zake waende wakale, karani naye lazima atakula. Walinipita bila kunitazama. Mimi sikutoka. Tumbo langu lilikuwa na uji wa asubuhi, na nilikuwa nimeapa kwamba ukuta nilioegemea utaondoka kabla yangu.

Karani hakwenda kula. Alitaka kumaliza aende kwao kabla ya mvua. Akaangalia mbele, akaniona peke yangu.

"Yule mwingine?"

"Amekwenda kula."

"Na wewe ni nani wa marehemu?"

"Mke wake. Nimefanya kazi ya hilo shamba tangu siku ya kwanza. Watu wa kamiti wananijua, waulize." Mmoja wao alikuwa dirishani. Akatingisha kichwa kwamba ndiyo, ananijua.

"Sema jina lako lote."

Nikalisema. Akaandika. Nikamwomba ageuze kitabu nione. Akaniuliza kama najua kusoma, nikamwambia najua kidogo, akageuza huku akitabasamu. Nikasoma herufi moja moja kwa kidole. Ilikosekana moja katikati. Nikamwonyesha. Tabasamu lilimwishia, akachovya kalamu, akaiweka.

Githinji alirudi nikiwa kwenye ngazi. Alisoma uso wangu kabla hajauliza. Akasema haijaisha, akasema kuna chifu, kuna korti, na kwamba nitamtafuta siku nitakapougua.

Labda haijaisha. Labda nitaugua. Barabarani nimeogopa sana, nimeogopa mpaka nikasimama mara mbili nikashika mti. Mtu akisoma hapa asidhani mimi ni jasiri. Mimi ni mwanamke aliyechoka kuulizwa yuko chini ya mkono wa nani.

Mvua inaanza kukatika. Udongo utakuwa laini asubuhi. Kesho nikishakamua naanza kuchimba mashimo ya nguzo za ua, na nitaanzia upande wa chini, pale Githinji amezoea kukatiza.