Siga ya Jumamosi Kisiwani

Jumamosi, baada ya chakula cha jioni

Eti nimtii binti yangu mimi! Kemunto amenileta kwenye hoteli hii ya kisiwani huku pwani nipumzike, kumbe amekuja kunichunga. Asubuhi alipekua begi langu akazikuta siga zangu tatu, zile nene ninazovuta kwa siri nyuma ya duka.

"Mama, wewe ndiye kiongozi wa akina mama wa Dorkasi, wanaohudumia wagonjwa. Kanisa likijua?"

Likijua, wataniondoa. Hilo naliogopa, sitajidanganya. Nimewapikia wagonjwa wa kwetu Kiogoro miaka kumi na moja kwa sufuria kubwa ya Dorkasi, na sijui nitakuwa nani bila ile sufuria.

Lakini Sabato siivunji. Mhudumu alipoleta kiberiti saa tisa, nilimwambia tungoje jua lizame. Alicheka sana. Acha acheke. Nilikaa ufukweni na siga mkononi bila kuiwasha, nikiimba nyimbo za kanisa mpaka jua likazama.

Nilipochukua kiberiti, Kemunto akanishika mkono. Simu yake ilikuwa hewani. Alikuwa amempigia baba yake, mzee wa kanisa, akamuuliza habari za jua tu bila kutaja siga.

"Bado, Mama. Baba anasema nyumbani jua bado liko juu ya milima. Kiogoro bado ni Sabato."

"Kwani mimi niko Kiogoro?"

Nikawasha.

"Ni nini hiyo imelia?" mume wangu akauliza kwenye simu.

Kemunto alinitazama, akitaka nidanganye.

"Ni kiberiti, Baba Kemunto," nikamwambia. "Nawasha siga. Kesho utafute mtu wa kubeba ile sufuria, au uniache niibebe nikinuka hivi hivi."