Kumi kwa Kumi kwa Pedali ya Hilario

Jumanne, 8 Julai 2025

Pedali imefika! Imekuja na basi kutoka Njombe, imefungwa ndani ya soksi ya sufu. Kiboksi cha bati, cha kijani, kimeandikwa kwa mkono: NGURUMO. Kaiunda Hilario, fundi tivii wa Njombe mjini. Unachomeka gitaa huku, amplifaya kule, unakanyaga kitufe, gitaa linakwaruza. Basi.

Nikachomeka. Taa nyekundu ilikuwa inawaka tayari, hata kitufe sikukigusa. Nikapiga — mama yangu! Sauti nene, tamu, kama uji wa ulezi. Na amplifaya ni ileile kuukuu, spika ilipasuka nikaiziba mwenyewe kwa gundi ya viatu na kipande cha kitenge! Justine, mdogo wangu anayenishikia simu, alisahau kurekodi. Tukarudia. Kumi kwa kumi! Miaka mitatu ya kupima magitaa kwenye chaneli yangu, kumi sijawahi kumpa mtu.

Jumatano, 9 Julai

Simu inapiga kelele tangu asubuhi. Oda kumi na nne! Mtu wa Tandala anataka mbili. Mwingine kaandika kwamba dada Esteria akisema, yeye hasikilizi tena, ananunua tu. Nimesoma hiyo mara sita. Sioni aibu.

Kwa hiyo tuzo ya mwaka ya chaneli yangu ni ya Hilario. Jumamosi, ukumbini hapa Makambako. Mshindi tunamvisha kitenge, vigelegele, kama bibi harusi. Nimempigia. Alicheka, au alilia, sikuelewa vizuri. Mama yake anapanda kutoka Manda!

Ijumaa, 11 Julai

Ee Yesu wangu.

Nimekwenda Njombe kumpiga picha Hilario. Ukungu, baridi ya kukata masikio. Mama yake, Mama Prisila, keshafika na samaki wakavu wa ziwani. Nikala. Nikaongezwa, nikala. Hilario akauliza kama nimependa vile taa inavyozimika ukikanyaga.

Inazimika?

Eeh, akasema, yeye ni mtu wa tivii. Tivii ikilala taa nyekundu inawaka, ukiiwasha inazimika. Na pedali kaifanya vivyo hivyo.

Nikarudisha samaki kwenye sahani. Ilikuwa imelala, inapitisha sauti tu! Nimekipa kumi kwa kumi kiboksi kilicholala! Ile sauti tamu ilikuwa ya nani? Ya spika yangu! Ya gundi ya viatu! Nikacheka mpaka Mama Prisila akaniletea maji. Hilario naye akacheka, hajui anacheka nini. Suti yake mpya inaning'inia ukutani, na nailoni yake bado.

Nikashindwa kusema. Nikataka niisikie moja aliyonayo palepale — umeme hakuna, mji mzima. Nimerudi Makambako, Justine keshapeleka vyombo vyote ukumbini na mwenye ukumbi kafunga.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Justine. Kasema nyamaza, mvishe kitenge, nani atajua? Mimi nitajua! Na wale kumi na wanne wametuma oda kwa ajili ya mdomo wangu.

Basi pale ukumbini nikamvuta Hilario pembeni, nikamweleza yote. Nilijua atanuna. Akavua koti la suti, akalikunja vizuri. Kisha akasema: kumbe hata wewe hujaisikia bado, dada. Isikie mbele ya watu. Ikiwa mbovu, kitenge chako ubaki nacho.

Nikapanda jukwaani, nikashika maikrofoni, nikayasema yote. Tivii, soksi, gundi, samaki niliyemla mara mbili. Watu wamecheka hadi viti vimeanguka! Mzee mmoja kapiga kelele tuzo apewe gundi! Nami nimecheka, machozi yananitoka. Nina hofu na nina furaha, sijui ipi kubwa.

Sasa fundi mitambo anabadilisha waya, nami naandika nimekaa juu ya amplifaya — amplifaya ya kuazima, spika nzima, ili nisijidanganye tena. Kitenge nimempa Mama Prisila ashike. Kakibana kifuani kwa mikono miwili. Hilario kasimama mlangoni, hataki kukaa.

Fundi mitambo kasema tayari. Nimekanyaga.

Taa nyekundu imezimika.