Koko Yako Hakukuloga, Masika

Masika, mwanangu,

Nina neno zito, na nisipolisema mapema nitashindwa kuandika mengine. Koko yako, bibi yako mzaa baba, hakukuloga.

Mdogo wako Kahindo ana miaka minne sasa. Alianza kama wewe. Kwanza maneno yalimpotea, hata kuniita mama kukamshinda. Kisha akaanza kuanguka, macho yamegeuka, mikono inarukaruka. Siku ile ya kwanza nilimshika jikoni nikawa ninaita jina lako. Sikujua ninamlilia nani.

Safari hii hatukwenda kwenye chumba cha maombi. Baba yako alitupakia kwenye pikipiki hadi hospitali, maana dokta mmoja wa Kinshasa alikuwa amekuja na mashine ya kupima umeme wa ubongo. Walimbandika Kahindo nyaya kichwani, mistari ikaanza kutembea kwenye kioo. Dokta akawasha taa mbele ya macho yake, polepole, inawaka, inazima. Kila ilipowaka, mistari ya upande wa kisogo iliruka juu kama miiba. Akauliza kama tulishapoteza mtoto mwingine. Baba yako ndiye aliyekutaja.

Damu ilitumwa mbali, na jibu lilichelewa. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, Masika. Mwili unakosa kitu cha kuondoa takataka ndani ya ubongo, basi zinajaa, na ubongo unakufa kidogo kidogo. Mimi na baba yako kila mmoja alibeba kipande chake bila kuumwa. Ninyi mlipata vyote viwili. Dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa huu iko nchi za mbali, huku haijafika. Tunampa vidonge vya kifafa, asubuhi na jioni. Siku hizi anaanguka mara chache. Nikimwimbia, bado anacheka.

Unakumbuka koko alivyokupondea ndizi ulipoanza kushindwa kumeza? Watu wa maombi walisema ndimo alimotia ulozi. Nami nikaamini. Nilimfukuza hapa kwetu, mtaa wa Vulamba, akaenda kwa shangazi yako mjini Beni. Nikakataza asije kukuzika. Bibi mzima, nikamkataza kumzika mjukuu wake.

Nilimfuata huko Beni na karatasi ya dokta, nikapiga magoti mlangoni kwake. Nilimweleza yote, hata kwamba ni sisi wazazi tuliowapa ugonjwa huu. Alikuwa anachambua maharage, hakusimama. Mwishowe akasema:

"Usijihukumu vile ulinihukumu mimi. Mutoto anakula nini sasa?"

Kesho yake tulirudi naye nyumbani, hapa Butembo. Ndiye anayemlisha Kahindo sasa, kijiko kwa kijiko, na hajaniuliza neno lingine.

Kaburi lako hajaliona. Jumapili baada ya misa nitamleta, nakuahidi. Nitamwonyesha mahali ulipo, kisha nitarudi nyuma hadi njiani, nimwache akulilie muda wote anaotaka.

Pumzika, binti yangu.

Mama yako