Pedeli za Baiskeli ya Baba

Jumatatu, 7 Julai

Chai. Dawa. Mguu wa kushoto wa Mama ndani ya beseni la maji ya moto, kisha mafuta, kisha kukunja na kunyoosha mpaka aanze kunisonya. Leo amesonya mapema.

Harriet, dada wa mazoezi ya viungo, amekuja. Hakunizungusha. Kifundo kinakakamaa. Tangu kiharusi kimshike, kazi yote ya mguu ule naifanya mimi, na kukandwa peke yake hakutoshi. Mama asipoanza kuusukuma mwenyewe, hatatembea tena bila kushikwa. Wiki hizi ndizo za kuamua. Mama alikuwa hapo hapo, anasikia kila neno. Akaomba chai nyingine.

Kile kimashine cha plastiki alicholeta kaka yangu Yusufu, cha kukanyaga ukiwa umekaa kwenye kochi, kiko nyuma ya mlango. Alikijaribu siku moja akasema ni kitu ya watoto. Simlaumu. Lakini nimechoka kumbembeleza mtu mzima.

Nimestaafu polisi tangu Januari na mwili wangu bado haujapata habari. Maisha yangu yote nimesimama njia panda nikiongoza magari. Sasa nazunguka nyumba hii ya Ntinda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa, miguu inacheza yenyewe. Kesho naitoa baiskeli ya Baba stoo. Angalau hiyo haisonyi.

Jumanne, 8 Julai

Baiskeli nzito, nyeusi, ya zamani zile. Baba aliiendesha toka akiwa konstebo mpaka uzee ukamshusha. Jumapili ya tarehe ishirini tunamfanyia hitima, na Yusufu anataka isimamishwe mlangoni inang'aa. Maneno yake: "Iwe vile Mzee aliiacha." Yeye anasema, mimi nachafuka.

Nimeanza na pedeli. Takataka tupu. Vyuma vimeliwa na kutu, na juu yake mtu amefunga kwa waya vipande vya tairi, vinene kama matofali, juu na chini. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume, hilo nalijua, lakini hata kwa kinyume ilinitoa jasho. Kiti nacho kilikuwa kimeshuka mpaka mwisho, kimeganda. Nimekimwagia mafuta, nimekigonga, nimekipandisha panapomfaa mtu mrefu. Baba alikuwa mrefu, alikuwa akiinama kuingia mlango wa nyumba yetu ya kambi ya polisi.

Kijana wa vyuma chakavu alipita na gunia lake. Nikamtupia zile pedeli na mabaki mengine. Mama alikuwa verandani.

"Hiyo unapeleka wapi?"

Nikamwambia ni uchafu, Mama. Akalifuata gunia kwa macho mpaka likatoka uani.

Kisha kitu kimoja. Nilipoiegesha baiskeli kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likawa hewani. Nikalizungusha kwa mkono. Mama akanyoosha mkono akapiga kengele. Mkono mzima, ule wa kulia, lakini alijinyanyua kitini ili aifikie. Miezi sijamwona akijinyanyua kwa kutaka.

Nimempigia Harriet. Nimemuuliza kama mtu anaweza kufanya mazoezi juu ya baiskeli iliyosimama. Amesema akishikwa vizuri, pande mbili, ndiyo.

Basi. Natafuta pedeli.

Alhamisi, 10 Julai

Soko la Owino. Jua, vumbi, mabega ya watu. Nimenunua pedeli mpya za plastiki kwa sababu sikuwa na subira. Nimezifunga, zikaonekana kama kandambili kwenye miguu ya bwana harusi. Nikapiga picha nikamtumia Yusufu. Akajibu kwamba namwaibisha Mzee.

Mama alizitazama akageuza uso ukutani.

Nimezing'oa. Moja imepasuka ukingo hata haijakanyagwa. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 12 Julai

Katwe. Kelele za nyundo kila upande, na kila fundi ana jibu kabla sijamaliza swali. Mmoja ameniletea pedeli za chuma zenye meno.

"Afande, hii ndiyo ya zamani kabisa. Hii hata babu yako alikanyaga."

Amejuaje mimi ni afande? Labda nilivyosimama. Nimezinunua. Ni nzuri, ni za zamani kweli, ila ni za baiskeli za mashindano. Meno yale yanashika soli ya kiatu. Mama hataki kiatu, kuvaa kiatu ndani ya nyumba kwake ni ugonjwa. Nimeweka kiganja changu juu ya meno nikabonyeza. Inauma.

Nimerudi nyumbani nikagombana na mwenye duka la jirani kwa sababu ya mkate. Mkate haukuwa na kosa.

Jumatatu, 14 Julai

Harriet ameshika kifundo, akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningependa aseme.

Nimerudi Katwe. Sasa najua ninachotaka: pedeli pana, vipande vinne vya mpira mweusi, viwili mbele viwili nyuma, vyenye mistari, na kifuniko kidogo cha kung'aa mwishoni. Ndizo zilizokuja na baiskeli za aina hii. Mguu mtupu unatulia juu yake. Nimezunguka mpaka nikamwona mzee anauza taa za mafuta. Chini ya meza yake, ndani ya bati la rangi, jozi nzima. Mpira haujachakaa. Gololi zinazunguka bila kukwaruza. Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, bei ingepanda.

Nimeziosha, nimezitia grisi, nimezifunga, nimemtumia Yusufu picha. Amepiga simu mwenyewe, sauti imejaa furaha. "Sasa hiyo ndiyo baiskeli ya Mzee." Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa. Nimeandika hapa ili nijue kwamba nilifurahi.

Jumatano, 16 Julai

Leo Mama kwenye kiti cha baiskeli. Benchi upande mmoja, Harriet upande wa pili, mimi nimemfunga mkanda wangu wa kazi kiunoni nimeushika kwa nyuma. Alikubali kupandishwa. Hakusonya hata mara moja. Aliushika usukani akakaa wima, nikamwona mgongo ambao sijauona toka augue.

Miguu haikufika.

Nikashusha kiti. Nikashusha tena mpaka mwisho kabisa. Vidole vinaning'inia juu ya mpira, havigusi.

"Mguu hapana fika," akasema. Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba mvua imeanza.

Tukamshusha. Pedeli zangu nzuri zinang'aa. Ningezipiga teke.

Alhamisi, 17 Julai

Sijatulia mahali pamoja siku nzima. Nimefagia ua mara mbili. Nimefua mapazia masafi.

Jambo linanisumbua. Mama ni mfupi. Amepanda kile kiti kana kwamba anakijua: alipoguswa kiunoni, alijisogeza mbele mwenyewe, akaweka mkono wa kulia kwenye breki bila kuitafuta. Mwanamke wa kambini, wa umri wake, baiskeli aliijulia wapi? Wanawake wa pale walikaa kwenye keria, upande, magoti pamoja. Aliyepanda mbele alisemwa mpaka kisimani.

Na kiti kilikuwa chini kabisa. Kiti cha mtu mrefu. Kwa nini kilikuwa chini?

Na vile vipande vya tairi. Vinene.

Nimeacha jiko linawaka, nimekwenda kumtafuta kijana wa vyuma chakavu. Nimempata. Mzigo ule ulishauzwa, ulishapakiwa lori. Nimesimama barabarani kama mjinga, na boda zote za Ntinda zinanipigia honi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemuuliza. Asubuhi, mguu ukiwa kwenye beseni. Mama, wewe uliendesha ile baiskeli?

"Ndiyo."

Mbona hukusema?

"Hapana uliza."

Maneno yake ni machache siku hizi na yanamchosha. Amenipa kidogo kidogo, kati ya chai na dawa. Baba alihamishiwa kazi Karamoja, mbali kaskazini, mshahara wake ukawa hautufikii. Mama akatafuta tairi, akakata, akafunga kwenye pedeli ili miguu ifike. Alfajiri alivaa suruali ya Baba ya kazi na koti lake, akaenda Owino kuchukua nyanya, akarudi kabla watu hawajatoka kuchota maji. Waliomwona gizani walidhani ni askari anatoka zamu. Yusufu na mimi tuliamka kila siku tukakuta nyanya. Hakuna siku tuliyouliza zimetoka wapi. Mtoto haulizi nyanya.

Nikamuuliza, Baba aliporudi je?

"Aliona. Mimi nikasema, toa hiyo kitu, weka baiskeli yako sawa. Yeye akasema wacha. Labda kesho utataka kwenda soko."

Mama hakuenda tena. Mshahara ulirudi, na watu wa kambini walikuwa na macho. Lakini Baba hakuvitoa vile vipande.

Nimemwaga maji ya beseni, nimekaa jikoni, nimelia kwa sauti mpaka sufuria ikaungua. Sisi tulimcheka Baba. Alivyoendesha, magoti yakipanda karibu na usukani, yametanuka kama ya panzi. Yusufu ndiye alikuwa bingwa wa kumwigiza, uani, mbele ya watoto wote wa kambi. Tulidhani ndivyo Baba alivyo. Miaka yote ile, mtu mrefu kama mlango, amekunjwa juu ya baiskeli yake mwenyewe.

Nami nikazitupa pedeli zile.

Jumamosi, 19 Julai

Owino, kwa mafundi wa lugabire, wale wanaoshona viatu vya tairi. Nimechagua tairi la lori, gumu. Nimemwomba fundi anikatie vipande, nikampa kipimo cha kidole changu. Akauliza ni viatu vya nani. Nikasema vya mama yangu. Akasema huyo mama yako ana mguu kama tofali.

Kisha nimefanya dhambi. Pedeli zile nilizozitafuta Katwe yote, mpira usiochakaa, nimezitoboa. Matundu manne kila moja. Nimepitisha waya, nimekaza kwa koleo, nimeacha kiti chini kabisa.

Ni mbaya kutazama. Ndivyo Baba alivyoiacha.

Jumapili, 20 Julai

Hitima. Yusufu alifika kabla ya shehe. Akaiona baiskeli mlangoni.

"Umefanya nini hii? Umeharibu baiskeli ya Mzee!"

Aliongea mbele ya shangazi, mbele ya masufuria ya pilau. Damu ikanipanda. Ningeweza kumweleza vizuri, kwa upole, pembeni. Sikutaka upole. Nikamwambia panda.

Akakataa. Nikamwambia panda, Yusufu, kwa sauti yangu ya njia panda. Malori yalikuwa yakisimama kwa sauti ile. Akapanda, kanzu na yote. Yusufu ni mrefu kama Baba, hata mabega ni yale yale. Akaanza kukanyaga, gurudumu likazunguka hewani, na magoti yakapanda. Yakapanda mpaka karibu na usukani, yakatanuka.

Shangazi akacheka. "Ona Juma!" Alisema jina la Baba.

Yusufu akaacha kukanyaga. Akajitazama magoti. Nikamweleza pale pale, nyanya, suruali, Karamoja, na alichosema Baba. Mama alikuwa kwenye kiti chake na tasbihi yake, akatikisa kichwa kukubali kila kitu. Yusufu alishuka polepole. Akaenda bombani kunawa uso, na akanawa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Wakati wa dua alikaa karibu na miguu ya Mama.

Jumatatu, 21 Julai

Miguu imefika.

Wa kushoto uliteleza, ukateleza tena. Harriet akaufunga kwa kitambaa. Mama akasukuma kwa wa kulia, wa kushoto ukaburutwa ukifuata, kama mtoto asiyetaka shule. Nusu mzunguko. Akarudi nyuma. Nusu tena. Jasho lilimtoka, nikataka kusema inatosha. Harriet akanikazia macho.

Hapana, si muujiza. Ni nusu mzunguko. Lakini hakuna aliyembembeleza.

Jumatano, 23 Julai

Mzunguko mzima, kisha kadhaa. Harriet alibonyeza paja la kushoto wakati linafanya kazi. Amesema msuli umeshtuka, upo. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikumwomba.

Gauni linaingia kwenye mnyororo. Nimelikunja, nimelifunga kwa kamba. Mama hakupenda.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi Mama ameuliza suruali ya Baba iko wapi.

Haipo. Tuligawa nguo zake zote. Nimeingia chumbani nikatoa suruali yangu ya kazi, ile iliyobaki, ambayo sijajua niifanye nini tangu Januari. Nimekunja pindo, nimeshona kwa mkono. Nimemvisha chini ya gauni. Kiuno kimemkaa sawa. Akajipapasa mapajani, akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni, akasema hii ni kitambaa nzuri.

Tumempandisha. Gurudumu limezunguka. Waya mmoja wa pedeli ya kulia unagusa chuma na kutoa mlio mdogo kila ukizunguka. Nilitaka kuukaza. Mama akasema wacha.

Harriet alikuwa amemshika. Hakukuwa na kazi yangu. Nikakaa kwenye benchi, nikaweka mikono juu ya magoti. Miguu yangu haikucheza. Barabarani magari yalikuwa yamekwama, yanapiga honi, na sikwenda kuangalia.

Mama aliendelea kidogo. Kisha, bila kugeuka, akauliza kama nyanya zipo ndani.