Kikao cha Kuchunguza Ushindi wa Pampu Dhidi ya Barafu

KLABU YA BIOLOJIA YA SHULE YA SEKONDARI, KAGOSHIMA, JAPANI
Tarehe: 19 Oktoba, saa 10:15 jioni
Mahali: Maabara ya ghorofa ya pili

WALIOHUDHURIA: Kuramochi Tetsuya (Mwenyekiti, mwaka wa tatu, upande wa pampu), Onodera Mei (mwaka wa pili, upande wa barafu), Tsukuda Minoru (mwaka wa kwanza, mchukuaji wa maini machinjioni), Hatano Chizuru (Katibu, mwaka wa pili), Mwalimu Iwabuchi (mlezi, akisahihisha mitihani).
ASIYEHUDHURIA: Hakuna.

KUMB. NA. 1/10: TAMKO LA KATIBU
Katibu alisoma jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: tangu jaribio la tatu amekuwa akimshuku Mwenyekiti kuwa anachezea vipimo. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba alitabasamu. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/10: MATOKEO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba klabu inalinganisha njia mbili za kutunza ini linalosubiri kupandikizwa, kwa kutumia maini ya nguruwe: kulilaza kwenye barafu, au kulipitishia maji ya dawa kwa pampu. Baadaye ini hupashwa moto na kupimwa linatoa nyongo kiasi gani; likitoa nyingi, limetunzika vizuri. Pampu imeshinda mara zote nne. Aliomba matokeo yapelekwe kwenye mashindano ya mkoa, ambayo kwake ni ya mwisho.

Onodera alisema katika jaribio la tatu umeme ulikatika na pampu ikasimama karibu muda wote.

"Kaka, mashine yako imezimika na bado imeshinda. Hiyo ni pampu au ni mganga?"

Mwenyekiti alijibu kwamba barafu ya Onodera inanunuliwa pamoja na aiskrimu, na aiskrimu ndiyo hutunzwa vizuri zaidi. Onodera aliuliza nani hushika chupa ya nyongo wengine wakienda kunawa. Mwenyekiti aliacha kutabasamu.

KUMB. NA. 3/10: MAELEZO YA TSUKUDA
Tsukuda aliomba radhi, akasimama. Alieleza kwamba machinjioni hupewa maini mawili: moja la nguruwe wa mwisho, bado lina joto, na jingine lililokaa kwenye ndoo tangu asubuhi. Onodera aliuliza lipi huenda kwa nani.

"Lenye joto nampa kaka Kuramochi. Yeye ndiye mkubwa wetu. Ningempaje lililolala?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Onodera alimwomba Mwenyekiti msamaha kwa kumdhania udanganyifu. Mwenyekiti alisema ni bora angekuwa amedanganya, angalau angejua.

KUMB. NA. 4/10: KURA
Mwenyekiti alisema nje ya chumba hiki hakuna anayejua, akaitisha kura ya kupeleka matokeo yalivyo. Aliinua mkono. Tsukuda naye aliinua. Onodera na Katibu walipinga. Mwalimu alikataa kupiga kura. Kwa kuwa kura zililingana, uamuzi ulibaki kwa Mwenyekiti, naye alimtazama Tsukuda.

"Shusha mkono, Tsukuda. Umetazama wangu kwanza."

Kisha akashusha wake. Iliamuliwa klabu ijitoe kwenye mashindano.

KUFUNGA
Kikao kilimalizika saa 11:40 jioni. Katibu alibandua bango la matokeo ukutani, akaandika taarifa ya kujitoa na kumkabidhi Mwalimu, kisha akamsaidia Mwenyekiti kuosha mipira ya pampu.

Kuramochi Tetsuya, Mwenyekiti ..................
Hatano Chizuru, Katibu ..................