Ndago, Bisibisi na Mashine ya Kukodi

Jumamosi, 1 Machi

Mama mwenye nyumba amekuja asubuhi, mimi naanika nepi, mwanangu mchanga Donge mgongoni. Nimemkaribisha kiti, hakukaa. Amekwenda moja kwa moja kwenye kona ya bustani yangu, akang'oa jani la ndago, lile gugu lisilokufa, akalishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mkia wa panya.

Akasema: Mama Chiriku, hili limepita chini ya ua, sasa liko kwenye nyasi zangu upande wa pili.

Nikamwambia mama, nalipalilia kila siku. Akasema anaona. Kisha, kwa upole kabisa (upole wake ndio unaotisha), akasema mwisho wa mwezi akiikuta ndago bado ipo atamwaga zege uani pote, pawe pa kuegesha magari. Saruji keshaagiza.

Bustani yenyewe upana wake vyumba viwili. Mchicha, bamia, nyanya kidogo. Tunakula sisi na majirani wananunua, sabuni ya nepi inatoka humo. Na ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo nikikiambia kitu kikae, kinakaa. Isipokuwa ndago.

Jioni nimemweleza Baba Chiriku. Ameacha kula, amefikiri, kisha akasema: mke wangu, shida yako si magugu. Shida yako ni vifaa.

Hapo nikajua tumekwisha.

Jumatatu, 3 Machi

Kifaa cha kwanza kimeingia. Fimbo ndefu ya chuma, chini ina makucha manne, pembeni pa kukanyagia. Unakanyaga, unazungusha, unavuta. Hakuna kuinama! Hilo la kutoinama kalirudia kama anaapishwa. Kwenye boksi kuna picha ya mwanamke mwenye viatu vyeupe, anacheka. Hana mtoto mgongoni.

Baba Chiriku kakanyaga, kazungusha, kavuta. Limetoka bonge la udongo, ndani yake bamia yangu nzima na mizizi yake. Ndago pembeni imesimama wima kama askari wa zamu.

Chiriku, mwanangu wa miaka minne, ameomba kifaa kiwe chake. Anatoboa mashimo, anazika wanasesere. Nimemwachia. Angalau kimepata kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Anayetengeneza hivi vifaa hajawahi kukutana na ndago. Ukiivuta, majani yanakatika, unabaki na nyasi mkononi na ushindi wa uongo. Mwenyewe yuko chini: kakokwa keusi, kana uzi, uzi unakwenda kwa kakokwa kengine, hivyo hivyo kama shanga. Usipotoa kokwa hujatoa kitu.

Mimi natumia bisibisi. Ile bapa, ndefu. Namwagia maji, naichomeka pembeni ya shina, naiegemeza taratibu, naufuata uzi. Kokwa natia kwenye kopo, naanika juu ya bati mpaka zikauke kabisa. Ukizitupa jalalani zinaota jalalani. Kazi ya kuchuchumaa. Kiuno changu tangu nijifungue si kiuno tena, ni bawaba yenye kutu. Lakini pale nilipopita hapaoti.

Baba Chiriku anatengeneza feni na redio. Leo kaniuliza: hujaiona bisibisi yangu ndefu, ya mpini mwekundu? Nimesema itakuwa ipo mahali. Si uongo. Kila kitu kipo mahali.

Jumamosi, 8 Machi

Kifaa cha pili. Kina gurudumu moja na wembe, unakisukuma kama mkokoteni. Kimeinyoa ndago vizuri sana. Uso laini. Amepiga picha, kamtumia mama yake.

Jumatano, 12 Machi

Ndevu zimerudi.

Donge anaota meno. Hakulala, kwa hiyo hakulala mtu, isipokuwa baba yake, ambaye anaweza kulala ndani ya ngoma. Mama mkwe kapiga simu. Ameiona picha, amefurahi. Anasema wao zamani walipalilia mtoto mgongoni huku wakiimba. Nimemwambia mama, mimi sauti sina.

Ijumaa, 14 Machi

Saruji imefika. Mifuko imepangwa ukutani upande wetu, juu turubai. Wamepangia kwenye mnanaa wangu.

Baba Chiriku ameitazama muda mrefu. Ametoka, amerudi jioni akisema kesho tunakodi mashine. Ya kulimia, ya petroli, ina visu vinazunguka. Ataipitisha bustani nzima, na tutamaliza.

Nimemwambia hapana. Zile kokwa zikiwa kwenye uzi mmoja inaota moja, nyingine zimelala. Ukiukata uzi unaziamsha zote.

Akasema: zikikatwakatwa si zinakufa?

Nikasema baba, ndago si nyama.

Kasema taratibu, anaangalia sahani: nakuona unavyoshika kiuno ukiinuka. Unadhani sioni. Nimechoka kuona.

Sasa mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nilikuwa na maneno mazuri, makali, nimeyapanga mchana kutwa. Yameisha yote. Nimesema haya, kodi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevuna mchicha wote alfajiri, nimeihamishia miche ya nyanya kwenye makopo. Mashine imekuja. Inanguruma hata bati linatetemeka. Donge amecheka mpaka kapaliwa, mara ya kwanza wiki nzima. Baba Chiriku nyuma ya mashine anakimbizwa zaidi ya anavyosukuma, shati limelowa, anatabasamu kama bwana harusi. Sijamwona hivyo siku nyingi. Nimemwangalia yeye, sikuangalia udongo.

Udongo umekuwa unga. Hakuna jani. Mama mwenye nyumba kachungulia, kapiga makofi. Kasema: huyu ndiye mwanamume. Akamwomba apitishe na kwake, kwenye maua, na pale nyasi zilipoharibika.

Nilikwenda mbio. Visu vile vilikuwa vimejaa nyuzi na kokwa, naziona kabisa. Nikamwambia mama, naomba tuvioshe kwanza, humo mna ndago.

Kanicheka. Mama Chiriku, nawe, usiwe na choyo, mashine yenyewe ya kukodi.

Baba Chiriku kanitolea jicho lile la usinitie aibu. Mashine ikavuka ua.

Nikamuuliza mama mwenye nyumba kuhusu saruji. Akasema tutaona. Alipoondoka alikuwa anaimba.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nzuri, ya kutwa nzima. Kila mtu anaishukuru. Mimi nimekaa dirishani kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Jumapili, 23 Machi

Zimeota. Palipokuwa na moja sasa ni ukoo. Zimechomoza kama meno ya Donge, tofauti ni kwamba hakuna aliyelia.

Nimechungulia kwa mama mwenye nyumba. Kwake zimeota kwa mistari, zimenyooka, kila mahali mashine ilipopita. Waridi katikati, ndago kulia na kushoto kama wasindikizaji.

Baba Chiriku amesimama, mikono mfukoni. Kasema labda ni nyasi nyingine. Nimemwachia hilo, nikaenda kuchemsha maji. Niliporudi alikuwa amechuchumaa, anavuta jani. Likakatika. Akavuta lingine. Likakatika. Hakuniangalia.

Nilikuwa nimeshinda. Sikujua ushindi unafanana hivi na kushindwa. Nimempa chai.

Jumanne, 25 Machi

Amekuja. Mama mwenye nyumba, buti za mvua, kanga kaifunga kifuani, kopo mkononi. Hakubisha hodi. Amesimama pale pale penye kona yake.

Akasema: ulisema.

Ningejibu ningesema kitu kitamu mno, na nyumba ni yake.

Akauliza: wewe unaitoa kwa kifaa gani? Maana pale ulipokuwa umechimba mwenyewe, kabla ya lile lidude, palikuwa safi. Nilikuwa napaona.

Alikuwa anapaona! Na saruji akaagiza. Nimeingia, nimetoa bisibisi chini ya godoro la Donge, nimempa. Akachuchumaa kwa hatua tatu, kila hatua na jina la Mungu.

Hapa?

Pembeni kidogo mama. Usivute. Iegemeze.

La kwanza lilikatika. La pili likatoka na kokwa, na uzi, na kokwa ya pili. Akaiinua kwenye mwanga, akatabasamu kama Chiriku akipata peremende. Nikaona ndiyo saa. Nikamuuliza, kwa heshima lakini sikushusha macho: mama, na saruji?

Akasema: niache kwanza, uzi utanikatikia.

Hapo Baba Chiriku katoka na kikombe chake. Kasalimia. Kisha kauona mpini mwekundu. Kaniangalia mimi. Kaangalia mpini. Chiriku, ambaye siri haikai kwake hata ukiifunga kamba, akasema: baba, ndiyo ile yako, ilikuwa inalala na Donge.

Mama mwenye nyumba bila kugeuka: Baba Chiriku, unazo nyingine?

Akaingia ndani. Nikasikia anapekua sanduku la vyuma. Kwa hasira, nilidhani. Katoka nazo mbili. Akamnyooshea mama iliyo fupi, akajaribu kuchukua ile ndefu yake. Mama hakuachia. Akachuchumaa Baba Chiriku mwenyewe na fupi.

Sasa nimeingia kumnyonyesha Donge, naandika kwa mkono mmoja, nawaona dirishani. Wamepeana mgongo. Yeye anavuta, mama anamgombeza: usivute, iegemeze, hukusikia mkeo? Anasema ndiyo mama. Kiuno amekishika. Hajalalamika.

Fundi wa zege anakuja Ijumaa. Mama hajamwambia asije. Nimemsikiliza vizuri, hajasema.

Mama ameinuka. Anakwenda kwenye mifuko. Ameinua turubai, amepapasa mfuko wa juu kuona kama mvua imeuingia, ananusa vidole. Ameketi juu yake, anapumua. Anamwita Chiriku amletee maji ya kunywa, na kopo lingine, hili limejaa.